Mwacheni, Amevunjika Moyo

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua nilipofikia. Baba yangu alifariki, karakana yake ya vioo akaichukua baba mdogo, na mimi niliyefundishwa kazi na marehemu nikageuka kibarua ndani ya jasho la baba yangu. Hayo niliyameza. Wiki iliyopita niliwaacha nimeinama juu ya meza ya kukatia, simu inatetemeka kando ya rula, na jina la Mtaratibu linawaka.

Kwa mgeni wa leo, Mtaratibu ni mchumba wangu. Jina nilimpa mimi mwenyewe, kwa sababu hajawahi kuwa na haraka na jambo lolote. Alichukua mwaka mzima kuniambia ananipenda, na mwingine kunivisha pete. Nilijua mtu wa namna hiyo hata kuniacha hawezi, muda wote atakuwa anatafuta viatu.

Basi nikapokea.

Hakugomba, hakupandisha sauti. Alinieleza kwa ile sauti yake ya kuombea chumvi mezani kwamba amefikiri sana, kwamba mimi ni mtu mwema, kwamba yuko mwingine, na kwamba alitaka niyasikie kwake kabla sijayasikia mtaani. Nikamuuliza ni nani. Akasema ni Nesi.

Nesi nilimjua. Mimi ndiye niliyemtafuta. Mama yake Mtaratibu aliteleza bafuni akavunjika nyonga, nikazunguka mji mzima kutafuta wa kumhudumia pale nyumbani, nikampata mjane mpole mwenye binti mmoja mdogo, nikampeleka kwa mkono wangu mwenyewe. Nimemfungulia kicheche banda, halafu nashangaa kuku kaenda wapi.

Sasa lisikieni kosa langu, maana balaa lote la leo limeanzia hapo.

Kioo nilichokuwa nakikata kilikuwa chao. Kioo cha ukungu, kile kisichopitisha macho, cha dirisha la chumba cha huyo mama, na kitanda chake kimewekwa chini ya dirisha hilo ili apate mwanga. Kioo hakikatwi kama kitambaa. Unachora mstari kwa almasi, ndiyo kile kisu chetu chenye kigurudumu, halafu unakivunja juu ya mstari, nacho kinafuata kama kondoo. Simu ilipotetemeka mkono wangu ulishtuka. Almasi ikaruka nje ya rula na kuchora mstari tumboni mwa kioo, mahali pasipotakiwa mstari.

Karakana yetu ina sheria moja aliyotuachia baba. Kioo kilichoingiwa na mstari wa bahati mbaya unakivunja papo hapo, wewe mwenyewe, kabla hujafuta jasho, hata kiwe kikubwa kama mlango. Hukiweki pembeni, husemi baadaye. Mstari wenyewe ni mwembamba kama unywele, na kwenye kioo cha ukungu ndiyo hauonekani kabisa. Mwenzako atakichukua kwa kutojua, atakipachika mahali, na siku upepo ukivuma au mlango ukibamizwa, kitashuka vipande virefu kama mapanga.

Mimi sikukivunja. Nilikiegemeza ukutani pamoja na vizima, nikakaa sakafuni simu ikiwa sikioni, na baada ya hapo sikumbuki nilifikaje chumbani kwangu.

Nililala siku kadhaa. Iliniuma, siwafichi. Iliniuma mpaka meno. Nilikuwa nageukia ukutani nalia, nikichoka nageukia mlangoni nalia tena.

Ndipo nilipoanza kulisikia lile neno.

"Mwacheni, amevunjika moyo." Baba mdogo aliwaambia hivyo wateja walioniulizia. Mama mdogo, mkewe, aliwaambia majirani hivyo hivyo juu ya ukuta, kwa sauti ya chini ambayo nyumba tatu zilisikia. Mwenye duka alimwambia aliyetumwa kuninunulia sabuni. Wengine, najua, walisema nimeachwa kwenye mataa, lakini hao walisema nikiwa mbali.

Neno hili tunalitumia kama chumvi. Timu ikifungwa, mashabiki wamevunjika moyo. Mtoto akifeli mtihani, kamvunja moyo baba yake. Mvua ikigoma mkulima amevunjika moyo, na kesho yake jembe begani. Hakuna anayeogopa wala kumwonea mwenzake huruma sana.

Likimwangukia mwanamke aliyeachwa linabadilika. Halisemi tena kilichompata, linasema alivyo. Ukilia, amevunjika moyo. Ukicheka, maskini, amevunjika moyo anajikaza. Ukisema chai haina sukari, muongezeeni sukari, amevunjika moyo. Ukisema nyumba inaungua watakuletea leso.

Hilo la mwisho nililidhani mzaha wangu mwenyewe. Nililitunga kitandani, nikacheka peke yangu, na mama mdogo akanisikia akaenda kumwambia mumewe hali imezidi.

Nilirudi kazini siku niliyoona nikibaki kitandani nitaota ukungu. Kwanza kabisa nikaenda ukutani penye vioo. Kile cha ukungu hakikuwepo.

Mashoto alikuwa uani anachanganya puti, ule udongo laini wa kushikiza vioo. Huyu ndiye mpachikaji wetu, anafanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, hata kupunga kwaheri. Aliponiona akajifanya anatafuta misumari. Nikamuuliza kioo cha ukungu kiko wapi, akajibu kwa furaha ya mtu aliyeogopa kuulizwa kitu kingine. Alikipeleka siku ya pili baada ya mimi kuondoka. Kilikuwa kimeshakatwa kwa kipimo, kimekaa kwenye fremu kama kimezaliwa nacho, na yule mama alimwombea dua.

Nikamuuliza kama alikiangalia kwenye mwanga.

Hakukiangalia. Upande laini aliufunika haraka kwa karatasi ya safari, na upande huo ndio uliotazama nje, kwenye kichochoro kilicho kati ya nyumba na ukuta wa jirani. Karatasi aliibandua amejibana humo kichochoroni, hata shingo haigeuki.

Nikamwambia kile kioo kina mstari, nilikikosea mimi, na yule mama analala chini yake.

Mashoto akaweka puti chini. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyeamka na homa.

"Almasi," akaniita kwa jina langu la kazini, alilonipa marehemu baba. "Kaa kwanza. Umekunywa chai?"

Nikampigia Mtaratibu. Hakupokea. Nikapiga tena, na tena, kisha nikamwandikia ujumbe: Kioo cha dirisha la mama si kizima. Kitamwangukia. Mtoeni pale leo.

Sasa hivi nikiusoma ule ujumbe naona walichokiona wao. Mwanamke kaachwa wiki iliyopita, leo anaandika kwamba mama yako ataangukiwa na kioo. Mimi nilidhani naandika habari ya kioo. Wao walisoma habari yangu.

Mtaratibu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alijibu haraka. Alisema mambo yetu yamekwisha na mama yake nimwache. Kisha akampigia baba mdogo.

Baba mdogo alinifuata mezani na simu yake mkononi, mbele ya wateja wawili. Nikamweleza yote, kuanzia mkono ulivyoshtuka mpaka kichochoro. Alinisikiliza bila kunikatiza, na kunisikiliza hivyo si kawaida yake.

"Huo mstari aliuona nani?" akauliza.

"Mimi."

"Siku gani?"

"Siku ile."

"Siku aliyokuacha," akasema, na akawageukia wateja kuwaomba radhi.

Baadaye alinivuta kando. Alisema ikijulikana kwamba tunauza vioo vibovu, karakana imekufa. Na ikijulikana kwamba binti wa marehemu kaka yake anawatishia vikongwe wagonjwa, imekufa mara mbili. Nikamwomba aende yeye akakitazame. Akasema ataona. Kuona kwenyewe ndiyo taabu, maana baba mdogo siku hizi anapima kwa vidole. Macho yake yanaona ukungu hata penye kioo cheupe, naye hataki mtu ajue. Akanichukulia simu ili nipumzike. Kisu changu cha almasi akakifungia kabatini, nikapewa ufagio.

Jioni hiyo nilitupa ufagio nikaenda kwa miguu.

Aliyenifungulia geti ni Nesi, taulo la yule mama begani. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia, na alinivuruga kwa sababu alinipokea vizuri. Aliuliza kama nimekula. Nikamwambia sikuja kwa ajili ya bwana, nimekuja kwa ajili ya kioo. Nikamweleza. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anavyoitikia mgonjwa anayesema dari inatembea.

"Dada, najua inauma," akasema. "Mimi nimezika mume. Itapita."

Nikamsihi jambo moja tu, wasukume kitanda mpaka ukuta wa pili. Si gharama, si aibu, ni kusukuma. Akasema daktari anataka mama apate mwanga. Mara sauti ya Mtaratibu ikauliza kutoka ndani ni nani huyo. Nesi akalirudisha geti bila kulibamiza. Hata katika hilo alikuwa mwema, nikazidi kuumia.

Nikazunguka nyuma, kwenye ukuta wa jirani, nikapaza sauti. "Mama, hama hapo kitandani. Dirisha litakuangukia."

Nikasikia fimbo yake ikigonga sakafu. Mtaratibu akanitokea kwenye kona ya ukuta. Aliniambia nikirudi tena ataita polisi. Alilisema taratibu, neno moja moja, na watoto waliokuwa wanacheza mpira wakasimama kunitazama.

Siku zilizofuata nilifagia. Nilifagia mpaka Mashoto akaniambia nitatoboa sakafu. Kila nilipomuuliza baba mdogo kama ameenda, alinijibu nitulie. Mashoto naye alikuwa na neno mdomoni, nilimwona, lakini kila akitaka kulitoa alimtazama baba mdogo akalimeza. Nilidhani ni huruma, maana huruma nilikuwa nimeizoea.

Kisha upepo ukaja.

Ulianza asubuhi, ule upepo mkavu unaobeba vumbi na mifuko. Bati la karakana likawa linanyanyuka na kulala. Vioo ukutani vikawa vinagongana mabega. Nilisimama na ufagio nikaona lile dirisha, nikamwona yule mama chali chini yake, mwanamke aliyeniita mwanangu kabla mwanawe hajaniita mpenzi. Nikachukua nyundo ndogo, glavu na utepe wa gundi, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Geti lao lilikuwa wazi, upepo unalicheza. Sikubisha hodi. Kutoka bafuni nilisikia maji na sauti ya Nesi akimwambia mama ainue mkono. Chumbani hapakuwa na mtu. Kitanda kilikuwa palepale chini ya dirisha, na mto ulikuwa bado na shimo la kichwa chake.

Kioo kilikuwa kinalia. Upepo ukikisukuma kinatoa sauti nyembamba ya mbu. Nikakipapasa, lakini ndani ni upande wenye ukungu, mkwaruzo mtupu. Mstari uko nje, na nje ni kichochoro. Nikafikiri nimsubiri mama nimweleze. Nikaona kitakachotokea: Mtaratibu atanitoa kwa kola, Nesi atanipa pole, na mama atarudishwa kitandani amelegea kwa maji ya moto.

Kilichokosewa kivunje mwenyewe. Ndivyo nilivyofundishwa, na nilikuwa nimechelewa sana.

Nikatandika blanketi juu ya kitanda chote. Nikabandika utepe kwenye kioo, kona hadi kona. Nikageuza uso na kugonga pembeni chini, mara moja.

Kilishuka chote juu ya blanketi. Upepo ukaingia chumbani na kupeperusha pazia usoni mwangu. Kwa pumzi chache nilifurahi, nawaambia kweli. Nilihisi wepesi ambao sijauhisi tangu siku ile ya simu.

Kisha nikatazama vipande.

Kioo kilichochorwa, hata ukivunje kwa jiwe, lazima kipande kimojawapo kitoke na ukingo ulionyooka, kwa sababu mstari unakiongoza. Nilipekua kwa glavu. Kingo zote zilikuwa zimepinda, zimetawanyika kama mizizi. Nikapekua tena kwa haraka. Hapakuwa na hata mmoja ulionyooka. Nilikuwa nimevunja kioo kizima.

Mlango ulikuwa umeshajaa. Mtaratibu mbele, povu la kunyolea shavuni. Nesi nyuma yake, amemshika mama aliyefungwa taulo, fimbo mkononi. Mama akatazama kitanda, akatazama dirisha, akanitazama mimi na nyundo yangu.

"Mwanangu," akasema, "mbona umevunja kipya?"

Sikuelewa. Akakaa kwenye kiti akanieleza, na kila alivyoeleza ndivyo sakafu ilivyozidi kunihama.

Yeye alinisikia siku ile nyuma ya ukuta. Mwanawe alimwambia nimechanganyikiwa, asinijali. Yeye akamjibu kwamba mtu anayetaka kumuua hamwambii ahame. Aligoma kulala chumba kile mpaka baba mdogo aitwe, na baba mdogo akaja mwenyewe, akatoa kioo cha zamani, akaweka kingine. Jana kitanda kikarudishwa mahali pake.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikauliza.

Baba mdogo ndiye aliyewaomba wasiniambie. Alisema nikiambiwa nimesikilizwa nitazidi.

Kumbe hilo ndilo lililokuwa mdomoni mwa Mashoto siku zote zile. Lakini kulikuwa na swali moja limebaki.

"Kile cha zamani kiko wapi?"

Mama akamtazama Nesi kama anayetafuta kumbukumbu. Ni Nesi aliyejibu. Baba mdogo alikigonga kwa kidole palepale uani, akasema kizima kabisa, hakina neno, ni kumridhisha mgonjwa tu. Hata alipunguza ukingo wake mbele yao, na ukavunjika vizuri. Akasema kitu kizima hakitupwi. Akaenda kukiweka kwenye chekechea ya mtaa wa pili, kwenye mlango wao wa kuingilia uliokuwa unasubiri kioo.

Ule mlango naujua. Unafunguliwa na kufungwa kutwa nzima, na kila anayepita chini yake hafiki kiunoni mwangu.

Niliwaambia. Nilisema polepole ili nisionekane ninavyoonekana. Nilisema mstari uko tumboni, mbali na ukingo aliopunguza. Nilisema upepo huu, na mlango ule, na watoto wakitoka kwa pamoja wakiusukuma. Nilisema kidole cha baba mdogo hakioni mstari, na macho yake hayaoni chochote.

Mtaratibu alijifuta povu kwa mgongo wa mkono. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni, na hiyo huzuni ndiyo iliyonikata maini.

"Juzi dirisha, leo mlango," akasema. "Kesho utatuambia paa." Akawaonyesha kitanda kilichojaa vioo. "Mnaona wenyewe. Amevunjika moyo."

Mama akasema niachwe niende. Hakusikilizwa. Alijaribu kusimama, nyonga ikamkatalia, akarudi kitini. Mtaratibu alinishika mkono, si kwa nguvu, akanipeleka stoo na kufunga mlango kwa ufunguo, akampa Nesi shada la funguo amshikie. Nilimsikia akipiga simu polisi, kisha kwa baba mdogo. Alisema njooni mumchukue kabla hajajidhuru.

Stoo yenyewe ni chumba cha ndoo, magodoro ya zamani na kiti cha magurudumu. Nilikaa kwenye hicho kiti. Upepo ulikuwa unapita juu ya bati.

Kisha nikamsikia Nesi kwenye korido. Alikuwa anaongea na simu, chini chini, karibu na mlango wangu. Aliuliza kama mlango wa kuingilia uko salama. Mwalimu upande wa pili nadhani alicheka, kwa sababu Nesi naye alicheka kidogo ili kuficha. Akarudia majibu aliyopewa kana kwamba anayakariri: mzee alikiweka kioo mwenyewe, kimekaa imara, watoto wako ndani kwa sababu ya vumbi, watatoka saa sita kama kawaida.

"Na binti yangu?" akauliza.

Sikuwa nimejua. Wallahi sikuwa nimejua mtoto wake anasoma pale.

Simu ikakatwa. Kivuli chake kikasimama chini ya mlango.

"Kinaweza kutolewa?" akauliza.

Nikamwambia kinaweza. Mlango usiguswe, ubaki kama ulivyo. Kibandikwe utepe wa gundi pande zote mbili, puti ichongwe, kisha kivutwe na mtu anayejua mstari unaelekea wapi, kwa sababu akikivuta vibaya kitamvunjikia mikononi na kuwaangukia walio chini.

"Mwambie baba yako mdogo."

"Atakigonga kwa kidole."

"Yule mwenye mkono wa kushoto."

"Yuko kazini ng'ambo ya mji. Na hajui mstari ulipopita. Anayejua ni aliyeuchora."

Niliposikia pumzi yake nilijua ameshafika nilipofika mimi.

"Yaani nikufungulie," akasema. "Mwenye nyumba hataki. Polisi wako njiani. Nikutoe hapa nikupeleke mimi mwenyewe mpaka alipo mwanangu, na nyundo mkononi."

"Ndiyo."

Nawaambieni wasomaji wangu, ningekuwa yeye nisingefungua. Mwanamke niliyemchukulia mchumba, aliyevunja dirisha la mgonjwa wangu leo hii, ananiambia nimpeleke kwa mtoto wangu. Ningekaa nje ya mlango huo mpaka polisi wafike, na ningemwombea.

Kwa mbali nikamsikia Mtaratibu akimuita kutoka sebuleni. Hakumwitikia. Alikuja karibu zaidi, mpaka nikasikia shavu lake kwenye mbao.

"Nijibu swali moja, na usinidanganye. Bado unampenda?"

Nikisema simpendi, atasikia uongo, maana sauti yangu haijawahi kujua kudanganya, na mtu aliyedanganya kwa hilo atakuwa amedanganya kwa kioo pia. Nikisema nampenda, basi nitakuwa yote waliyoyasema: aliyeachwa, aliyechanganyikiwa, mwenye kisasi, aliyevunjika moyo. Jibu la tatu sikuwa nalo. Nilifikiria mlango wa chekechea na watoto wakipanga mstari wa kutoka, wameshikana mabega.

"Nampenda," nikasema.

Kisha nikasikia ufunguo ukiingia kwenye kitasa. Ukakaa humo, haukuzungushwa.